Jinsi ya kutengeneza video ya stopu mosheni ya kuchangisha pesa za kitabu chako cha picha: mwongozo kamili kwa wachoraji wa Nairobi

Wachoraji wengi hapa Nairobi wakitaka pesa za kuchapisha kitabu ama seti ya kadi wanashika simu, wanajirekodi wakiongea dakika nne, alafu mchango unakwama kwa mama na marafiki watatu. Kuongea sio kubaya, lakini mtu mwenye kutoa elfu yake anataka kujua kitu kimoja tu, kama wewe ni mtu wa kumaliza kazi. Stopu mosheni inamjibu hilo bila wewe kusema, kwa sababu kila sekunde anayoona ni picha kumi na mbili zilizopangwa kwa mkono, karatasi inasogezwa kidogo, picha, inasogezwa tena, picha, na hata asiyejua lolote kuhusu sanaa anaona kwamba aliyekaa chini akafanya hivo hataacha kitabu njiani. Kwa hivyo hii video usiichukue kama tangazo. Ni sampuli ya kazi yenyewe, na kila uamuzi hapa chini unatoka hapo.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kitabu cha picha cha watoto, kurasa 32, kuhusu ndege wa Nairobi. Kuna mwewe anayenyang'anya watoto mandazi shuleni saa ya breki, kuna marabou wale wakubwa wenye upara wanaokaa kwenye miti ya Mombasa Road karibu na Nyayo, na kuna kwarara wanaoamsha mtaa mzima alfajiri. Wewe weka mradi wako mahali pa huo wangu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya pesa kabla ya kugusa kamera

Najua unataka kuanza na kukata karatasi, lakini video lazima itaje kiasi, na kiasi hakiwezi kutoka kichwani. Tembelea wachapishaji watatu, wako River Road na Industrial Area, uitishe kotesheni (bei ya maandishi) ya nakala 300, 500 na 1,000 za kitabu kile kile, karatasi ile ile. Kwa uchapishaji wa ofseti, ule wa mashine kubwa zinazotumia pleti, gharama kubwa ni ya kutengeneza hizo pleti na kuseti mashine, na hiyo unalipa hata ukichapa nakala moja, ndio maana bei ya kila nakala inashuka sana ukienda juu. Nakala chache, labda mia moja kushuka, uliza dijitali, ule usiotumia pleti.

Kwenye hiyo bei ongeza kutuma vitabu, makato ya jukwaa la kuchangisha, makato ya M-Pesa, na asilimia 10 ya mambo usiyoyatarajia. Tuseme kuchapisha ni KSh 200,000, kutuma 30,000, makato 15,000, hapo uko 245,000, ongeza asilimia 10 inakuwa 269,500. Sema 270,000. Usikate iwe 150,000 eti watu wasiogope, maana ukipata hiyo 150,000 utakuwa na deni la vitabu na huna pesa ya kuvichapisha.

Kama unataka ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ya Kenya inatolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Iweke kwa ratiba mapema.

Hatua ya 2: Skripti ya sekunde 60

Sekunde 60 zinatosha. 90 ni mwisho kabisa. Hii si uvivu, ni hesabu: ukipiga fremu 12 kwa sekunde, sekunde 60 ni picha 720 na sekunde 90 ni 1,080. Sinema hutumia fremu 24 lakini kwa vikato vya karatasi 12 inatosha na inapendeza, ule mruko mdogo unamkumbusha mtazamaji kwamba kuna mkono hapo. Alafu si kila sekunde inatembea. Pale maandishi yanaposimama, picha moja inarudiwa. Kama sekunde 20 ni za kusimama, unabaki na sekunde 40 za kusogeza, picha 480. Ukishazoea unaweza kupiga kati ya 60 na 100 kwa saa, kwa hivyo hiyo ni kazi ya wikendi moja ukiwa umejipanga vizuri.

Mimi ningegawa hivi. Sekunde 8 za kwanza ni kisa bila maneno: mtoto ameshika mandazi, kivuli kinapita, mandazi haipo. Usianze na jina lako wala na neno "habari zenu", mtu anapitisha kidole. Kuanzia hapo hadi sekunde ya 25 onyesha mkono wako ukichora yule mwewe na kurasa zikijaa moja moja. Kuanzia 25 hadi 45 sema wewe ni nani, kitabu kina kurasa ngapi, umeshamaliza ngapi, na pesa inaenda wapi. Hapo kwa kurasa ulizomaliza usiongeze chumvi, kama ni 14 sema 14. Sekunde 15 za mwisho ni anachopata mchangaji na namba ya kutuma, na hiyo namba ikae imesimama tuli si chini ya sekunde 5, kubwa, na jina litakalotokea kwa M-Pesa liandikwe chini yake ili mtu akiona jina tofauti asiogope akaghairi.

Maneno ya kusema yasizidi kama 100 hivi. Yasome kwa sauti na saa mkononi. Yakizidi kata maneno, usisome haraka.

Chora storibodi, viboksi kumi kwa karatasi moja, penseli tu. Mwonyeshe mtu ambaye hajui mradi na umuulize anaelewa nini, usimweleze chochote kwanza.

Hatua ya 3: Rekodi sauti kwanza

Sauti inatangulia picha, kwa sababu ni rahisi kusogeza karatasi ifuate neno kuliko kulazimisha neno lifuate karatasi. Nairobi kimya ni kitu cha kutafuta: matatu, jenereta ya jirani, mbwa, spika ya kanisa. Rekodi usiku sana, ndani ya kabati ya nguo ama ukiwa umejifunika blanketi nzito, simu kama sentimita 20 kutoka mdomoni na kwa upande kidogo ili herufi "p" na "b" zisipige maiki. Tumia rekoda ya simu ya kawaida. Rudia kila sentensi mara tatu uchague.

Alafu sikiliza ukiandika neno gani linaanza sekunde gani, zidisha kwa 12, hiyo ndio namba ya fremu. Kama "mwewe" linasikika kwa sekunde 9 na nusu, basi mwewe aonekane fremu ya 114. Hiyo karatasi ya namba ibandike ukutani, ndio itakuongoza siku ya kupiga.

Muziki: usichukue ngoma inayovuma. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mwenye wimbo, na majukwaa yanaweza kuzima sauti ya video yako katikati ya kampeni, wakati ndio unaihitaji zaidi. Chukua kwa maktaba ya bure ya YouTube, ama muombe mtu wa mtaani anayepiga gitaa akupigie sekunde 60, umlipe, na mwandikiane hata kwa barua fupi kwamba umeruhusiwa kuutumia.

Hatua ya 4: Vitu

Simu yenye kamera nzuri kiasi inatosha, na apu ya Stop Motion Studio ambayo iko kwa Android na iPhone, toleo la bure linakupeleka mbali. Kitu muhimu ndani yake ni kile kivuli cha picha iliyopita kinachoonekana juu ya picha unayotaka kupiga, bila hicho unakisia tu. Pia hakikisha una nafasi kwa simu, picha 480 za MB 4 kila moja ni karibu GB 2.

Simu lazima iangalie chini moja kwa moja. Usihangaike na tripodi ya bei. Pelekea fundi wa mbao akutengenezee fremu ya miguu minne yenye ubao juu na tundu la kamera, ama ununue mkono wa chuma wa kushika simu pale Luthuli Avenue uufunge kwa meza. Mkono ukiwa mrefu unatikisika, kwa hivyo mimi napendelea mbao. Meza yenyewe ibandike miguu kwa sakafu na maskin tepu, na uweke alama ya tepu mahali kila kitu kimesimama, ili mtu akigonga ujue pa kurudisha.

Hapo ongeza taa mbili zinazofanana kabisa, balbu za LED za aina moja zilizonunuliwa siku moja, Blu Tack (gundi laini ya kubandika na kubandua), wembe ama kisu cha karatasi, uzi, koleo ndogo ya kushikia vitu vidogo, rula, na karatasi nzito ya gramu 200 hadi 250. Ukuta wa nyuma tumia manila ya rangi moja iliyotulia, manila inayong'aa inarudisha taa kwa lenzi.

Hatua ya 5: Kata wahusika, lakini usikate michoro halisi

Peleka michoro yako saiba, iskaniwe kwa dpi 300, uchapishe kwa karatasi nzito, na hizo ndizo utakata. Zile halisi ni za kitabu. Chapisha pia nakala zilizogeuzwa, ndege akiangalia kushoto na kulia, vinginevyo ndege wako ataruka upande mmoja video nzima.

Mwewe mkate vipande sita: mwili, kichwa, bawa mbili, mkia, miguu. Viungo unaviunganisha kwa nyuma na uzi na tone la Blu Tack, au unaviacha huru kabisa na kuvipanga kila mara, inachosha lakini ndio inakupa uhuru zaidi. Kingo nyeupe za karatasi zinaonekana vibaya sana kwa kamera, zipake na maka ya rangi ya ndege kabla hujaanza.

Angalia ndege halisi kabla ya kukata. Mwewe hapigi mabawa ovyo, anaelea, mabawa yametulia na ule mkia wake wenye panda ndio unazunguka huku na huku ukimwelekeza. Kwa hivyo kwa mwewe mkia ndio unasogea zaidi. Marabou anatembea polepole, hatua moja inaweza kula fremu 12 nzima. Njiwa ndio wa kupiga mabawa: juu, katikati, chini, katikati, hizo ni picha nne na zikirudiwa unapata mapigo matatu kwa sekunde. Mtoto wa Nairobi akiona mkia wa mwewe umegeuka vile anaujua atamwambia mamake "ndio huyo!", na huyo mama ndiye anatoa pesa.

Hatua ya 6: Mwanga, hapa ndipo kazi nyingi huharibika

Ukiona stopu mosheni inapepesa kama taa mbovu, tatizo karibu kila mara ni mwanga au simu yenyewe. Jua la Nairobi linasogea, wingu linapita, na Julai unaweza kupata mawingu asubuhi na jua kali saa nane, yote kwa sini (onyesho) moja ya sekunde tano. Kwa hivyo funga dirisha kabisa. Mapazia hayatoshi, weka shuka nzito au blanketi.

Taa mbili, moja kila upande, ziinamie meza kwa pembe ya digrii 45 ili vivuli vipungue na karatasi isimulike. Mbele ya kila taa weka karatasi ya kunakilia (tracing) ili mwanga ulainike, LED haichomi kama balbu ya zamani lakini bado acha nafasi. Ukitaka uone umbo la karatasi, kivuli kidogo kinachosema hiki ni kitu cha kushikika, sogeza taa moja mbali zaidi kuliko nyingine. Mimi nakipenda sana hicho kivuli, usikiue chote.

Sasa stima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa pamoja nao bila jicho kuona lakini kamera inaona. Kwa vile karatasi yako haitembei, piga na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya polepole, 1/10 au 1/25 ya sekunde, hapo kamera inakusanya mapigo mengi ya mwanga na picha zinafanana. Jirani akiwasha pasi na taa zako zikafifia, subiri. Kama mtaa wako stima inapanda na kushuka kila saa tumia taa za LED za USB zinazoendeshwa na pawabenki, hizo hata stima ikipotea unaendelea.

Kwa simu zima kila kitu kinachojiamulia. Ingia mpangilio wa mkono (manual), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, waiti balansi (rangi ya mwanga) kwa namba moja usiiguse tena, fokasi ifungwe, HDR (simu kuchanganya picha kadhaa kuwa moja) zima, urembo wa uso zima. Weka simu hali ya ndege ili isipigiwe katikati ya sini. Usibonyeze skrini kwa kidole, tumia kitufe cha sauti cha earphone ama rimoti ndogo ya Bluetooth. Na vaa nguo nyeusi! Shati jeupe linarudisha mwanga kwenye meza, ukisogea kidogo picha inabadilika. Simama mahali pamoja kila unapopiga.

Hatua ya 7: Kupiga

Kabla ya sini halisi piga jaribio la sekunde tano, mpira wa karatasi ukivuka meza. Litakuonyesha tatizo lote la mwanga na mtikisiko kabla hujatumia saa sita.

Siri ya kusogeza ni kwamba vitu haviendi kwa mwendo mmoja. Vinaanza polepole, vinachanganya, vinapunguza. Tuseme kikato kinavuka sentimita 20 kwa sekunde moja, sogeza milimita 3, 8, 15, 22, 26, 26, 26, 26, 22, 15, 8, 3. Jumlisha utapata 200. Weka alama kwa ukanda wa karatasi kando ya fremu ufuate hizo. Mwewe akishambulia ni tofauti, yeye hapunguzi, milimita 5, 15, 35, 70, alafu hayuko, fremu nne tu. Kabla ya hapo mpe mtoto fremu nane za kutulia kabisa, mandazi ikielekea mdomoni. Ule utulivu ndio unafanya shambulio lishtue.

Kwa sehemu ya mkono ukichora, usirekodi video ukaikimbiza, itaonekana tofauti na zingine. Chora mstari mfupi, weka mkono, piga, chora tena, piga. Kila mstari mmoja ama miwili ni fremu moja. Kucha ziwe safi, saa na bangili toa, maana zinaruka ruka kwa picha.

Kila baada ya fremu 12 cheza uone. Ukigonga kitu, rudisha ukitumia kile kivuli cha picha iliyopita, kikikataa futa hadi mahali pazuri urudie, usitumaini kwamba mtu hataona. Sini moja imalize kwa kikao kimoja, usiende kula katikati. Na kila kikato ukikitumia kiandike namba kwa nyuma na ukihifadhi kwa bahasha, nitakuambia kwa nini.

Hatua ya 8: Kuediti

Fupi tu. CapCut kwa simu ama DaVinci Resolve kwa kompyuta, zote zina toleo la bure. Kwanza weka fremu 12 kwa sekunde ndani ya Stop Motion Studio utoe video, alafu hapa panga na sauti, ongeza vishindo vidogo: karatasi, bawa, mtoto akishtuka. Weka maandishi ya maneno yote chini, kwa sababu wengi wataangalia ndani ya matatu bila sauti. Kiswahili toleo la kwanza, na ufanye lingine lenye maandishi ya Kiingereza kwa walio nje.

Toa matoleo mawili, la kulala la 1920 kwa 1080 la kuweka kwa ukurasa wa kampeni, na la kusimama la sekunde 30 la status na TikTok. La WhatsApp lifinye hadi chini ya MB 16, kwa mbps 2 (kiasi cha data cha kila sekunde) sekunde 60 inakuja MB 15. Watu wetu wananunua bando ya siku, video nzito hawafungui.

Hatua ya 9: Pesa ziingie wapi

Kickstarter, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, ni ya yote au hakuna, usipofikisha lengo hupati kitu, na Kenya haiko kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua mradi. Ukimtumia ndugu aliye Uingereza au Marekani, elewa kwamba yeye ndiye mwenye mradi kisheria na pesa inaingia akaunti yake, kwa hivyo mwandikiane. Hapa nyumbani kuna M-Changa, ilianza 2012 na inapokea M-Pesa, na kwa kazi kama hii ningeanza nayo. Ni harambee ile ile tunayoijua, na harambee ina mweka hazina, kwa hivyo kuwa na watu wawili wanaoona akaunti pamoja na wewe na uwataje kwa ukurasa. Kutuma namba yako binafsi kwa magrupu kunaleta maswali ambayo huwezi kuyajibu yote.

Sasa zile bahasha. Vikato ulivyotumia ndio zawadi zako bora. KSh 300 anapata kadi, 1,000 anapata kitabu, 5,000 anapata kitabu na kikato halisi alichokiona kwa video, kimesainiwa na kina namba ya sini yake nyuma. Hakuna mwingine duniani atakuwa na yule mwewe. Hesabu una vikato vingapi vizuri na usiahidi zaidi ya hivyo.

Hatua ya 10: Kuzindua

Zindua mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, na uiruke Januari, hiyo pesa ni ya ada ya shule. Wiki mbili kabla ongea na watu kama ishirini mmoja mmoja, kwa simu si kwa grupu, wakuahidi kutoa siku ya kwanza. Hakuna anayependa kuandika jina kwa karatasi tupu. Siku yenyewe tuma ile ya sekunde 30 na linki, alafu kila siku tatu tuma sekunde chache mpya: jinsi mkia ulivyogeuzwa, kurasa ya 15 imekamilika, kwarara amepakwa rangi. Usitume "bado tunahitaji" tupu.

Kila anayechanga mtumie shukrani ya jina lake siku hiyo hiyo. Lengo likifika piga picha ya risiti ya mchapishaji uiweke kwa ukurasa. Vitabu vya mashambani tuma na parseli za sako za matatu, ziko haraka, uandike namba ya simu ya mpokeaji kubwa pande mbili za mzigo. Vikato viweke katikati ya manila mbili ngumu zilizobandikwa kingo zote nne, ndani ya nailoni, ndipo uingize kwa kitabu, kwa sababu karatasi iliyoloa ama kukunjika njiani huwezi kuikata tena ikawa ile ile.